KUUA KWA KUKUSUDIA NA KUUA BILA KUKUSUDIA: TOFAUTI IKO WAPI?

Wadau, haya makosa mawili tunayachanganya sana vijiweni. Utasikia mmoja anasema, "Hakukusudia bwana, ataachiwa tu." Mwingine anadakia, "Damu ni damu, anyongwe!" Wote wawili hawako sawa. Mimi si mwanasheria, kidato cha nne ndo mwisho wangu, ila Kanuni ya Adhabu ya Tanzania (Sura ya 16) nimeisoma, naieleza hapa kwa lugha yetu ya kawaida.

Kifungu cha 195 kinasema ukisababisha kifo cha mtu kwa kitendo kisicho halali, umeua bila kukusudia. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, lakini haina kiwango cha chini, jaji anapima mwenyewe. Kifungu cha 196 ni kifo hichohicho, ila ulikuwa na nia ovu. Hapo adhabu ni moja tu, kunyongwa hadi kufa. Na dhamana hupati, unasubiri kesi ukiwa mahabusu, hata ikichukua miaka.

Sasa hiyo nia ovu ndo yenye mtego. Wengi tunadhani lazima uwe umepanga kuua. Siyo! Kifungu cha 200 kinataja njia nne:

1. Ulitaka kuua au kumuumiza mtu vibaya, hata kama aliyekufa siye uliyemlenga.
2. Ulijua kitendo chako huenda kikaua au kuumiza vibaya, hata kama hukujali litokee au lisitokee.
3. Ulikusudia kutenda kosa ambalo adhabu yake inazidi miaka 3 jela.
4. Ulikusudia kumsaidia mhalifu kutoroka.

Soma tena namba 1. Ukimpiga mtu nondo ya kichwa "kumfundisha adabu" na akafa, usitegemee kusema hukutaka afe. Na wale wa "mwizi huyo!" wajue kwamba sheria ina kitu kinaitwa nia ya pamoja. Mkimzingira kibaka na kumpiga mawe, kusema "mimi nilirusha moja tu" hakukutoi.

Jaji hawezi kuingia kichwani mwako, kwa hiyo anaangalia matendo. Mahakama ya Rufani ilishaeleza vya kupima: silaha iliyotumika, nguvu ya pigo, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, maneno uliyotamka, na ulivyofanya kabla na baada ya tukio.

Hasira je? Inasaidia, ila kwa masharti. Uwe umechokozwa ghafla, kwa jambo ambalo lingemtoa akili mtu wa kawaida, na uwe umetenda palepale kabla damu haijapoa. Hapo kosa linashuka kuwa kuua bila kukusudia. Ukienda nyumbani, ukanoa panga, ukarudi jioni, uchokozi huo haukusaidii tena.

Mfano tunaoukumbuka wote ni kifo cha msanii Steven Kanumba, Aprili 2012. Elizabeth Michael (Lulu) alishtakiwa kwanza kwa kuua kwa kukusudia. Shtaka lilipobadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, mlango wa dhamana ukafunguka, akatoka Januari 2013. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani, akahukumiwa miaka 2 jela. Shtaka la kwanza lingebaki na kuthibitika, hukumu aliyonayo jaji kwa mtu mzima ni kitanzi. Kifo ni kilekile, lakini angalia umbali wa hizo adhabu!

Kweli, Tanzania ilinyonga mara ya mwisho mwaka 1994. Lakini hukumu za kifo zimeendelea kutolewa, na anayehukumiwa anakaa gerezani akisubiri.

Kwa hiyo jamani, kibaka akikamatwa mpelekeni polisi. Wanasheria mliomo humu, karibuni muongezee nyama.