Pampu mpya imeharibika: muuzaji anawajibika vipi?

Umenunua pampu ya petroli ya kumwagilia shamba. Siku ya tatu inazima kila ikipata moto. Ukirudi dukani unaonyeshwa maandishi ukutani: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi."

Nchini Kenya, maandishi hayo hayamalizi mambo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inazuia haki za mteja kufutwa na masharti ya muuzaji.

Ukimweleza muuzaji kazi unayotaka mashine ifanye, kwa mfano kuvuta maji kutoka mtoni hadi shamba la mlimani, nawe ukategemea ushauri wake, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inamtaka akupe inayofaa kazi hiyo. Lakini kama uliikagua dukani, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ungepaswa kuionyesha, kama mfuniko uliopasuka. Kwa hiyo iwashwe mbele yako kabla hujalipa.

Usichelewe. Ukikaa na mashine kwa muda mrefu bila kusema umeikataa, sheria inakuhesabu kuwa umeikubali. Hapo unabaki na haki ya kudai fidia, si kurudisha pampu na kuchukua pesa zako zote. Siku hiyohiyo tuma ujumbe wa simu kwa muuzaji: ulinunua lini, kasoro ni gani, unataka nini (pampu nyingine, matengenezo au pesa). Piga video ikizima. Tunza risiti na usifute ujumbe wa M-Pesa.

Na tafadhali, usimwite fundi wa kijijini aifungue. Huenda ni hodari kuliko wa dukani, lakini nati moja ikiguswa utaambiwa wewe ndiye uliyeiharibu. Jibu lingine utakalolisikia ni kwamba hukuweka oili. Injini nyingi za aina hii huuzwa zikiwa kavu, na zikiwashwa hivyo huungua, kwa hiyo hapo muuzaji anaweza kuwa na haki. Picha ya kijiti cha kupimia oili, iliyopigwa siku ya kwanza, itakusaidia.

Muuzaji akikuambia umfuate mtengenezaji, mkumbushe kwamba pesa zako alipokea yeye. Garantii ya kiwanda ni nyongeza tu.

Akikataa kabisa, mpe barua yenye tarehe ya mwisho, kwa mfano siku 14, na ubaki na nakala. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Haipo kila mji, kwa hiyo uliza kwanza katika mahakama iliyo karibu nawe.