Kadi Tupu ya Blida

Ukitaja udhanaishi mbele ya wahitimu wa vyuo vyetu, wengi watakumbuka darasa la fasihi na Kichwamaji ya Kezilahabi (1974): kukata tamaa, kifo, maisha yasiyo na maana. Basi. Mimi nadhani wanaoihitaji zaidi falsafa hii ni wale wanaozunguka mitaani na madodoso.

Twende Algeria. Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili, mzaliwa wa Martinique na msomaji mkubwa wa Sartre, alianza kazi hospitali ya Blida-Joinville mwaka 1953. Wakati huo wataalamu wa Kifaransa pale Algiers, wafuasi wa Antoine Porot, walishafundisha kwamba Mwalgeria ana upungufu wa akili wa kuzaliwa. Tena waliuita huo utafiti!

Fanon alianza na mbinu za Ulaya: gazeti la wodini, sinema, sherehe. Kwa wanawake wa Kizungu zikafaulu. Kwa wanaume Waislamu zikagonga mwamba. Mwaka 1954 yeye na Jacques Azoulay wakaandika juu ya kushindwa huko, na lawama wakaibeba wao, si wagonjwa.

Lakini kisa kinachonivutia zaidi ni cha 1956. Fanon na Charles Geronimi walitumia TAT, kipimo kilichobuniwa Harvard miaka ya 1930. Unaonyeshwa picha, unatunga hadithi. Wanawake Waislamu wakawa wanataja tu vitu wanavyoviona. Mtafiti mvivu angeandika "hawana ubunifu" na kwenda zake kula chakula cha mchana. Walipopewa kadi isiyo na picha yoyote, hadithi zikamiminika. Kumbe tatizo lilikuwa picha: watu wale, nyumba zile, havikuwa vya ulimwengu wao.

Hapa ndipo Sartre anapoingia. Kwake binadamu hana asili iliyokwisha kuandikwa. Hujitengeneza ndani ya hali aliyomo. Mwaka 1957 aliandika insha nzima kuhusu mbinu: mtafiti arudi nyuma kwenye mazingira yaliyomlea mtu, kisha asonge mbele kuona mtu huyo anakusudia nini. Ukiruka hatua hizo umepima ulimwengu wako mwenyewe.

Fanon naye alikuwa na pengo lake. Hakujua Kiarabu wala Kikabyle, akategemea wakalimani. Na Mwalgeria alishawazoea wakalimani mahakamani na kwenye ofisi za wakoloni. Sasa anamkuta mwingine pembeni ya daktari, akiulizwa habari za ndoto zake.