Koti la baba: historia ya mavazi ya wanaume katika baridi ya milima yetu

Watu wa mbali wakisikia jina la Kongo wanafikiri joto tu, mto mkubwa na jua la Kinshasa. Anayesafiri kutoka Bukavu hadi Bunyakiri anajua mambo mengine. Barabara ya taifa namba 3 ikiisha kuacha Miti inapanda Tshivanga, inaingia katika msitu wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega, juu ya mita 2,000. Mlima Kahuzi wenyewe una mita 3,308. Hapo ukungu unafunika barabara hata saa nne ya asubuhi, na mwanamotari amevaa koti zito mgongo mbele, zipu ikiwa nyuma, ili upepo usimpige kifuani. Ukishuka upande wa Bulambika joto linarudi kidogo, lakini mvua haina huruma. Na ndugu zetu waliotoka Ziralo, Numbi na milima mingine ya Kalehe wanajua usiku wa mwezi wa saba ulivyo.

Katika miezi hii familia nyingi zimehama tena. Wengine wameshuka kutoka milima ya baridi, wengine wamepanda kutoka mabonde ya joto, na wengi wanalala katika nyumba za jamaa zilizokwisha kujaa. Tunazungumza kila siku juu ya unga, mashitingi na dawa, na ni haki. Leo nataka tuzungumze juu ya koti la mwanaume, namna lilivyofika kwetu na namna lilivyopata uzito kuliko kitambaa chake. Historia hiyo inaeleza kwa nini baba aliyekimbia bila koti anaona haya kusimama mbele ya watu.

Kabla ya koti

Wazee wa zamani katika milima hii walijifunika ngozi za mbuzi na za wanyama wa msitu, pamoja na nguo za magome ya miti yaliyopondwa mpaka yakawa laini. Ngozi ilikuwa na kazi mbili, kama koti la leo: ilizuia baridi, tena ilionyesha mtu ni nani. Ngozi ya chui haikuvaliwa na kila mtu. Ilikuwa ya wakubwa.

Halafu vitambaa vikaja kutoka mashariki, pamoja na lugha hii hii ninayoiandika. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Kasongo na Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Walitafuta pembe na watumwa, na kati ya malipo yao kulikuwa nguo ya pamba iliyoitwa merikani. Jina lake halikuwa mchezo, kwani kitambaa hicho kilifumwa kweli Marekani, kikapelekwa Zanzibar kwa meli. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861 pamba ilikosekana, na Waingereza na viwanda vya Bombay wakachukua nafasi hiyo. Kumbe tangu wakati ule, vita ya mbali iliweza kubadilisha nguo ya mtu wa katikati ya Afrika. Wanaume walioshirikiana na watu wa pwani walianza kuvaa kanzu na kofia. Ilikuwa nguo ya heshima, lakini kwa baridi ya Kahuzi haisaidii sana.

Kabuti la askari na kostimi ya karani

Koti lenyewe lilikuja na serikali ya Wabelgiji. Jeshi lao, Force Publique, liliundwa katika miaka ya 1880, na askari wake wa kwanza walijulikana kwa nguo za buluu na kofia nyekundu ya tarbushi. Baadaye wakavaa kaki. Jeshi hilo lilipigana mpaka Tabora mwaka 1916, na mwaka 1941 lilipanda milima ya Ethiopia, ambako Waitaliano walijisalimisha Saio mwezi wa saba. Vita ya milimani inadai kabuti. Neno lenyewe ni ndugu wa capote, ambalo Wafaransa na Wareno wanaliita koti refu la askari. Kwa mwanakijiji, koti zito lilifanana kwanza na amri: aliyelivaa ndiye aliyekuja kuhesabu kodi na kutafuta wabebaji wa mizigo.

Upande mwingine kulikuwa na karani. Bukavu, ambayo iliitwa Costermansville mpaka miaka ya 1950, ilipendwa na wazungu kwa sababu ya baridi yake nzuri. Waliweka mashamba ya chai, kahawa na kwinini. Waafrika waliosoma kwa wamisionari na kufanya kazi katika ofisi waliitwa évolués, maana yake watu walioendelea. Mwaka 1948 serikali ilianza kuwapa baadhi yao kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikaongeza cheo cha immatriculation. Ili kupata karatasi hizo, mtu alichunguzwa mpaka nyumbani: anakula namna gani, mke wake anatunza nyumba namna gani, na yeye mwenyewe anavaa nini. Waliopata cheo hicho walikuwa wachache sana. Patrice Lumumba alikuwa mmoja wao, na picha zake tunazijua: kostimi, kravati au nyonga ya shingoni, miwani.

Hapo ndipo kostimi ilipokuwa mtihani. Aliyeivaa alikuwa anasema: mimi ni mtu kama wewe. Na mkoloni alijibu: ngoja kwanza nikukague.

Abacost: serikali inachagua nguo

Baada ya uhuru wa mwaka 1960, wengi walifikiri jambo la nguo limekwisha. Lakini mwaka 1971 Mobutu alibadilisha jina la nchi ikawa Zaire, na mwaka 1972 majina ya kikristo yakakatazwa. Pamoja na siasa hiyo ya authenticité kostimi na kravati zilipigwa marufuku. Badala yake kulikuwa na abacost, jina lililotoka katika maneno ya Kifaransa yenye maana ya "chini kostimi". Lilikuwa koti lenye kola ndogo, linalofanana na lile la Mao wa China, bila kravati, mara nyingi na kitambaa chepesi shingoni. Mobutu mwenyewe aliongeza kofia ya ngozi ya chui. Chui wa wakubwa wa zamani alirudi, safari hii katika televisheni.

Tuseme ukweli: kwa baridi, abacost ya mikono mirefu haikuwa mbaya. Ilifungwa mpaka karibu na shingo, na washonaji wetu walijifunza kuishona vizuri. Ubaya wake ulikuwa amri. Mwalimu au karani hakuwa na nafasi ya kuchagua.

Kwa upande wa vijana, jibu lilitoka katika muziki. Papa Wemba, aliyeanzisha kundi la Viva la Musica mwaka 1977, alieneza mtindo wa La Sape: makoti ya Ulaya, viatu vya bei, rangi zinazokubaliana. Wengine waliwacheka sapeurs kwa sababu walivaa viatu vya mshahara wa mwaka huku wakilala njaa. Lakini katika nchi ambako serikali ilichagua hata kola ya shati, kuvaa upendavyo kulikuwa namna ya kusema hapana bila kupiga kelele.

Tarehe 24 mwezi wa nne mwaka 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na katika hotuba ile ile akaruhusu tena kostimi na kravati. Papa Wemba naye alifariki tarehe 24 mwezi wa nne, mwaka 2016, jukwaani Abidjan. Ni bahati ya kalenda tu, lakini mpenda mavazi hawezi kuisahau.

Maboti, mashitingi na marobota

Uhuru wa kravati haukutupa pesa ya kuinunua. Viwanda vya nguo vya nchi, kama Filtisaf ya Kalemie, vilianguka, na marobota ya mitumba yakajaza masoko, kuanzia Kadutu mpaka Bulambika na Hombo.

Halafu vita. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaza kambi za Kashusha na Inera, kando ya hifadhi. Mwisho wa mwaka 1996 kambi zilivunjwa, na watu wengi walipita katika msitu huu, kupitia Bunyakiri na Hombo, kuelekea Walikale. Shitingi iliyotolewa kwa kujenga kibanda ikawa koti la mvua, na blanketi ya msaada ikawa kabuti. Mwezi wa tano 1997, askari wa AFDL waliingia Kinshasa, kadogo wengi wakiwa na maboti ya plastiki miguuni. Watu wa mji mkuu walishangaa. Sisi wa milima hatukushangaa, kwani tunajua matope.

Tangu hapo hatujapumzika vizuri. Anayekimbia usiku anachukua mtoto, sufuria na nguo iliyo mwilini. Koti la harusi linabaki ukutani, na aliyekuja nyuma ndiye anayelivaa.

Jambo moja la kushangaza ni hili: makoti mazito tunayoyakuta katika marobota yalishonwa kwa ajili ya baridi kali ya Ulaya na Amerika, wakati theluji inaanguka. Mwenyewe amelichoka, na baridi yetu inalipokea. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kumaliza biashara ya mitumba ifikapo 2019, ili viwanda vya kwetu vipate nguvu. Rwanda ilipandisha kodi, na mwaka 2018 Marekani ikaiondolea nafuu ya kuuza nguo kwake bila ushuru. Kongo imeingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022. Wazo la kuvaa nguo zetu ni zuri. Lakini kabla ya kufunga mlango wa mitumba, tujue nani atamvika baba wa Ziralo.

Kuvaa vizuri kwa pesa kidogo

Kutokana na historia hii tunaweza kuchukua mashauri machache. Ukiwa sokoni, angalia mabega kwanza. Mshonaji anaweza kukata mikono na kubana mbavu, lakini mabega makubwa ni kazi ngumu. Triko ya sufu inashinda ya pamba, kwa sababu sufu inashika joto hata ikilowa kidogo, na pamba ikilowa inakupa baridi zaidi. Ukitaka kujua kama ni sufu kweli, omba uzi mmoja na uuchome: sufu inanuka kama nywele, plastiki inayeyuka na kuwa kidonge. Usioshe sufu katika maji ya moto, itarudi saizi ya mtoto. Nguo nyingine za robota zifue na kuzipiga pasi ya makaa kabla ya kuvaa, kuepuka upele na wadudu.

Nguo mbili nyembamba, moja juu ya nyingine, zinapita moja nzito, maana hewa inayobaki kati yake ndiyo inayotunza joto. Shati, triko, kisha vesti ya rangi ya giza isiyoonyesha matope haraka: hapo umejikinga, na unaweza kuingia kanisani, katika kilio au katika mazungumzo ya mahari bila kujificha nyuma.

Kwa wale wanaoleta misaada, ninaomba wasikie neno hili. Katika mizigo ya misaada mara nyingi mna sufuria, blanketi, vitenge vya mama na nguo za watoto. Ni sawa waanze na hao. Lakini baba naye anasikia baridi, tena ndiye anayeitwa na chifu, na shule, na familia ya mkwe. Katika Kivu tumeona tayari njia nyingine, yaani masoko ya koponi, ambako familia inapewa tiketi na kuchagua yenyewe vitu inavyohitaji kwa wauzaji wa hapa. Kuchagua kunarudisha kitu ambacho blanketi peke yake hairudishi. Mkoloni alichagua nani astahili kostimi, Mobutu akachagua kola, vita vikachagua shitingi. Baba aliyehamishwa angalau aachiwe achague koti lake.

Na sisi tunaopokea wageni nyumbani, tusimcheke mtu anayepiga pasi vesti yake moja kila jumapili na hana kitanda. Kama una koti la pili ukutani, na jirani yako ameshuka kutoka Numbi na shati tu, unajua la kufanya kabla ya mwezi wa saba.