Bwana mgeni, bibi mwananchi: historia ya kibali cha kuishi kupitia ndoa

Zamu ya wiki hii ni yangu, na nimechagua kitu ambacho vijana wengi hapa kambini wanakiongea lakini wachache wanakijua vizuri.

Siku ya mgao wa chakula nilikuwa napanga watu kwenye mstari. Kijana mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, nikioa mtoto wa hapa, si ndiyo nimeshapata makaratasi?" Kabla sijajibu, mama mmoja aliyekuwa nyuma yake akacheka. Akasema: "Mwanangu, dada yangu ameolewa na mwananchi na ana kibali. Mdogo wangu wa kiume ameoa mwananchi, na mpaka leo anasimama kwenye mstari huu huu." Watu wote wakacheka, lakini mimi yale maneno yalinikaa kichwani. Kwa nini dada apate na kaka asipate? Wote si wamefunga ndoa na raia?

Nikaanza kusoma. Nikagundua kwamba jibu lake ni refu na linaanzia mbali, hata kabla ya babu zetu kuzaliwa.

Nchi nyingi zinazotuzunguka zilitawaliwa na Waingereza. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1870 iliyosema kwamba mwanamke aliyeolewa anahesabiwa kuwa raia wa nchi ya bwana yake. Yaani Mwingereza akioa mgeni, bibi anakuwa Mwingereza. Lakini mwanamke wa Kiingereza akiolewa na mgeni, yeye ndiye anapoteza uraia wake. Mke alikuwa kama mzigo unaobebwa na mume: mume akienda kushoto, naye kushoto. Sheria ya uraia ya mwaka 1948 ilibadilisha kidogo. Mwanamke hakupoteza tena uraia kwa kuolewa na mgeni, na mke wa kigeni aliweza kuomba kuandikishwa kuwa raia. Mume wa kigeni hakupewa njia hiyo.

Sasa nchi zetu zilipopata uhuru miaka ya 1960, sheria mpya ziliandikwa kwa mtindo ule ule. Katiba ya Kenya ya 1963 ilimpa mwanamke aliyeolewa na Mkenya njia ya kuandikishwa kuwa raia, lakini mwanamume aliyeoa Mkenya hakupewa. Malawi, Sheria ya Uraia ya 1966 nayo ilifungua mlango kwa mke wa raia bila kusema hivyo kwa mume. Hata Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995, ambayo siyo ya zamani sana, iliandika njia ya pekee kwa mke wa Mtanzania, na mume wa Mtanzania akaachwa apite njia ndefu ya wageni wote. Kwa hiyo yule mama kwenye mstari hakuwa anasimulia bahati mbaya ya mdogo wake tu. Alikuwa anasimulia sheria ya zamani bila kujua.

Nani alianza kupinga? Hapa ndipo nilipofurahi, kwa sababu waliopinga hawakuwa wakubwa. Walikuwa wanawake waliotaka kuishi na mabwana zao.

Kesi ya kwanza ninayotaka muijue ilikuwa Ulaya, lakini ina mguu mmoja Afrika. Miaka ya 1980 wanawake watatu waliokuwa wakiishi Uingereza kihalali, Abdulaziz, Cabales na Balkandali, walikataliwa kukaa na waume zao wa kigeni. Abdulaziz alizaliwa hapa Malawi mwaka 1948. Wakati ule mwanamume mwenye makazi Uingereza aliweza kumleta mke wake kwa urahisi zaidi kuliko mwanamke kumleta mume. Serikali ilijitetea kwamba wanaume wageni ndio wanaotafuta kazi, kwa hiyo wakizuiliwa wao, kazi za wenyeji zinalindwa. Tarehe 28 Mei 1985 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema huo ni ubaguzi kwa sababu ya jinsia. Hata wanawake wanafanya kazi, kwa hiyo sababu ile haikutosha.

Wanawake walishinda. Lakini sikilizeni kilichofuata. Serikali ya Uingereza haikuwapa wanawake uhuru waliokuwa nao wanaume. Iliwapunguzia wanaume. Mwaka ule ule wa 1985 masharti magumu ya waume wa kigeni yakawekwa pia kwa wake wa kigeni. Sharti moja lilikuwa kuthibitisha kwamba lengo kuu la ndoa siyo kuingia Uingereza. Sasa wewe utathibitishaje kitu kama hicho? Sharti hilo lilifutwa mwaka 1997. Basi, ule ulikuwa usawa, lakini usawa wa kushuka chini.

Tuje Botswana. Kuna mwanasheria anaitwa Unity Dow, mzaliwa wa Mochudi. Mwaka 1984 aliolewa na Mmarekani aliyekuwa ameishi Botswana miaka mingi. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa 1979, kabla ya ndoa, na alikuwa raia kupitia mama. Wawili waliofuata walizaliwa 1985 na 1987, ndani ya ndoa, na sheria ikasema siyo raia kwa sababu baba yao ni mgeni. Fikirini jambo hilo: mama mmoja, baba mmoja, nyumba moja, lakini kwa serikali watoto wale hawakuwa sawa. Watoto wawili waliishi katika nchi ya mama yao kwa kutegemea kibali cha kuishi cha baba. Kibali cha baba kikikataliwa, na wao wako hatarini.

Dow alienda mahakamani. Serikali ilijibu kwamba jamii ya Watswana inafuata ukoo wa baba, na kwamba Katiba iliacha neno "jinsia" kwa makusudi kwenye orodha ya ubaguzi uliokatazwa. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ilimpa Dow haki. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufaa ikamwunga mkono tena, majaji watatu kwa wawili. Sheria ilibadilishwa mwaka 1995. Mwaka 1998 Unity Dow akawa jaji wa kwanza mwanamke wa Mahakama Kuu ya Botswana. Yaani yule aliyesimama mbele ya meza ya jaji akiomba, baadaye akakaa nyuma ya meza ile.

Zimbabwe ilifuata. Mwaka 1994 wanawake watatu raia, katika kesi inayoitwa Rattigan, walilalamika kwamba waume zao wa kigeni wamekataliwa ukazi wa kudumu. Katiba ya Zimbabwe wakati huo nayo haikutaja jinsia kwenye ubaguzi. Sasa watapita wapi? Walipita kwenye haki ya raia ya kutembea na kuishi popote nchini mwake. Mahakama Kuu kabisa ya nchi, chini ya Jaji Mkuu Gubbay, ilikubali. Hoja yake ni rahisi hata mtoto anaielewa: ukimfukuza mume, unamlazimisha mke achague. Ama afuate mume na kuiacha nchi yake, ama abaki nchini na kuipoteza ndoa yake. Na raia hapaswi kuwekwa kwenye uchaguzi huo. Mwaka huo huo, katika kesi nyingine iitwayo Salem, mahakama ikaongeza kwamba mume huyo lazima aruhusiwe pia kufanya kazi, kwa sababu familia haili kibali.

Ila huko nako usawa ukashuka. Mwaka 1996 serikali ilibadilisha Katiba kwa Marekebisho ya 14. Jinsia iliongezwa kwenye ubaguzi uliokatazwa, jambo zuri. Lakini katika marekebisho hayo hayo, haki iliyopatikana kwenye kesi ya Rattigan ikaondolewa, na mke wa kigeni naye akapoteza ile nafasi aliyokuwa nayo. Wote wakawa sawa kwa kukosa. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikakaa kimya kidogo. Unaweza kushinda mahakamani na miaka miwili baadaye ushindi ukaondolewa bungeni.

Kesi ya mwisho ni ya Afrika Kusini, inaitwa Dawood, ya mwaka 2000. Huko tatizo halikuwa mume au mke. Tatizo lilikuwa mahali pa kusubiria. Sheria ya Wageni ya 1991 ilisema mwenzi wa raia anayeomba ukazi anaweza kusubiri majibu ndani ya nchi ikiwa tu ana kibali cha muda ambacho hakijaisha. Kama hana, asubiri nje. Na sheria haikumwambia afisa ni sababu gani zinamruhusu kukataa kibali hicho cha muda. Kila kitu kilikuwa mikononi mwake. Mwenye pesa angeweza kupanda ndege na kurudi, lakini maskini angetengana na mwenzake miezi bila kujua mwisho. Katiba ya Afrika Kusini haina kifungu kinachotaja haki ya familia kwa jina. Jaji Kate O'Regan, akiandika kwa niaba ya Mahakama ya Katiba, alitumia heshima ya utu: watu waliooana wana wajibu wa kuishi pamoja, na kuwazuia ni kuugusa utu wao. Bunge likapewa miaka miwili kurekebisha sheria.

Polepole na Katiba zenyewe zikabadilika. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema "kila mtu" aliyefunga ndoa na raia, haisemi mwanamke tu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 15, inampa mtu yeyote aliyekuwa kwenye ndoa na raia kwa miaka saba au zaidi haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia. Sheria ya Kenya ya 2011 ilifungua pia ukazi wa kudumu kwa mwenzi baada ya miaka mitatu ya ndoa. Lakini sheria hiyo inauliza pia: ndoa ni ya kweli? Mnaishi pamoja? Haikufungwa kwa ajili ya makaratasi tu?

Sasa tujifunze nini sisi wa kambini?

Kwanza, someni tena kesi hizo. Zimbabwe haikusema kwamba mgeni ana haki ya kukaa. Ilisema raia ana haki ya kuishi nchini mwake pamoja na mwenzi wake. Kwa hiyo siyo wewe mgeni unayebeba kesi, ni mwenzi wako. Kijana anayeoa kisirisiri, bila hata kumwambia bibi yake mpango wa kibali, anamwacha nje mtu mwenye nguvu kuliko yeye.

Pili, ndoa isiyo na cheti ni vigumu kuitetea. Hapa wengi wetu tunatoa mahari, wazee wanabariki, tunakula, basi. Mbele ya wazee hiyo ni ndoa kamili. Mbele ya afisa utaulizwa karatasi. Andikisheni ndoa, na andikisheni watoto wanapozaliwa. Watoto wa Unity Dow wanatufundisha kwamba gharama ya baba kuwa mgeni inaweza kulipwa na mtoto.

Tatu, kabla hujatoka nje ya nchi ukidhani utaomba kutokea huko, au kabla hujarudisha karatasi yako ya ukimbizi, muulize mwanasheria wa wakimbizi. Suala la Dawood la wapi pa kusubiri siyo la Afrika Kusini peke yake.

Nne, na hili nawaambia kaka zangu: msichana wa watu siyo mlango wa ofisi. Nimeshuhudia kijana akioa kwa haraka ya makaratasi. Kibali hakikutoka, na nyumba ikavunjika. Sasa kuna mtoto anayelelewa na bibi yake kijijini, na yule kijana amerudi kwenye hema lake. Hao waliobadilisha sheria, wote walikuwa wanapigania ndoa waliyokuwa nayo tayari.

Yule kijana nilimkuta tena Jumamosi kwenye bomba la maji. Nikamwambia yote haya kwa kifupi wakati madumu yanajaa. Akaniuliza: "Kwa hiyo nisioe?" Nikamwambia: kama unampenda, oa. Nendeni pamoja mkaandikishe, na siku ya kwenda kuomba kibali, mwache yeye aongee kwanza. Ni nchi yake.

Wiki ijayo ni zamu ya dada zetu.