Kamba ya Mto Potomac

Tarehe 13 Januari 1982, theluji ikianguka mjini Washington, ndege aina ya Boeing 737 iligonga daraja ikatumbukia katika Mto Potomac uliojaa barafu. Kati ya watu 79, waliibuka 6 tu, wakang'ang'ania mkia. Helikopta ikashusha kamba. Arland Williams, mkaguzi wa mabenki mwenye umri wa miaka 46, aliipokea akampa mwenzake. Ikarudi; akampa mwingine. Iliporudi kumchukua yeye, mkia ulikwisha kuzama naye.

Mimi huwaza zaidi ile mara ya pili. Mara ya kwanza mtu aweza kutoa bila kufikiri. Ya pili alikwisha kujua baridi ile ilivyo.

Wale watano walipona. Mwaka 1985 daraja lilipewa jina lake.