Uzito wa Neno Adimu

Msimu mmoja wa mahindi, mama yangu mdogo alinipigia simu kutoka Mbozi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekesha. "Mwanangu, shamba linatafunwa," alisema, "na humu mtandaoni wananipa maneno tu." Alikuwa ameandika "ugonjwa wa mahindi na dawa yake", akaletewa kurasa za mbolea, za mbegu, za wauza dawa na hata za mapishi. Lake halikuwamo.

Nikamwambia, "Mama, dawa tuiache kwanza. Nenda ukafungue moyo wa mhindi mmoja, uniambie unachokiona." Baada ya nusu saa akapiga tena. Majani yana matobo, ndani kuna uchafu kama unga wa mbao, na kiwavi aliyemkuta ana alama kichwani mfano wa herufi Y iliyopinduliwa. Tukaandika hayo hayo: kiwavi, mahindi, alama ya Y kichwani. Jina likatokea juu kabisa: viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya Amerika walioripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Jioni ile alimpigia bwana shamba akiwa na jina la adui mkononi.

Tofauti kati ya utafutaji ule wa kwanza na ule wa pili ina historia, na historia hiyo ni kongwe kuliko injini zote za utafutaji tunazozijua. Naamini kila mwenye simu anastahili kuielewa.

Inaanzia maktabani. Miaka ya 1960, Cyril Cleverdon, mkutubi wa chuo cha mambo ya ndege cha Cranfield, Uingereza, alipima njia mbalimbali za kutafuta kwa kutumia mkusanyo wa nyaraka 1,400. Aliuliza maswali mawili. Katika nyaraka zote zinazohusika, tumezipata ngapi? Na katika hizo tulizozipata, ngapi zinahusika kweli? Majaribio yakaonyesha kwamba ukivuta upande mmoja, wa pili hulegea. Mvuvi wa pwani yetu haoni ajabu hapo. Juya lenye macho madogo huzoa dagaa, majani na takataka pamoja; jarife lenye macho makubwa huleta samaki wakubwa, wadogo wakapita. "Ugonjwa wa mahindi" lilikuwa juya.

Aliyeonyesha ni neno lipi lenye nguvu ya kuchagua ni Karen Spärck Jones. Alizaliwa Huddersfield, Uingereza, mwaka 1935, na mama yake alitoka Norwe. Huko Cambridge alisoma historia na falsafa, akafundisha shule kwa muda mfupi, kisha akajiunga na kikundi cha utafiti wa lugha kilichoongozwa na Margaret Masterman. Miaka mingi ya kazi yake aliishi kwa mikataba ya muda. Uprofesa aliupata mwaka 1999, umri ukiwa umeshapita miaka 60.

Mwaka 1972 alichapisha makala yenye wazo ambalo bibi yeyote sokoni angelikubali: kilicho kila mahali hakikusaidii kuchagua. Neno linalopatikana katika nyaraka nyingi halitofautishi waraka mmoja na mwingine; linalopatikana katika chache hutofautisha sana. Basi kila neno lipewe uzito kwa kadiri ya uadimu wake.

Tuipige hesabu yenyewe, kwa mfano wa kubuni. Una rafu ya nyaraka 1,024. Neno "mahindi" limo katika nyaraka 512. Gawa rafu nusu mara moja tu, umeifikia 512. Uzito wa "mahindi" ni 1. Neno "viwavijeshi" limo katika nyaraka 4. Gawa nusu kwa nusu: 512, 256, 128, 64, 32, 16, 8, 4. Umegawa mara nane, basi uzito wake ni 8. Na neno "na", lililomo katika nyaraka zote, halihitaji kugawa hata mara moja. Uzito wake ni sifuri. Kwa hesabu hii, swali refu lililojaa maneno ya kila siku hushindwa na maneno mawili yaliyochaguliwa vizuri.

Wazo hilo halikubaki kabatini. Katika miaka ya 1970 Spärck Jones aliliendeleza pamoja na Stephen Robertson, na miaka ya 1990 Robertson na wenzake jijini London wakalifikisha kwenye kanuni iitwayo BM25, ambayo mpaka leo imo ndani ya programu nyingi za kutafuta.

Wakati huo intaneti nayo ilikuwa inafurika. Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa Montreal, Kanada, aliandika Archie, programu iliyotafuta majina ya mafaili tu. Yahoo ya mwaka 1994 ilianza kama orodha ya tovuti iliyopangwa kwa mikono. AltaVista, iliyofunguliwa Desemba 1995, ilisoma maneno ya ukurasa mzima, na ukifunga maneno ndani ya alama za nukuu iliyatafuta yakiwa yameandamana vilevile. Lakini wafanyabiashara wajanja wakajifunza kurudiarudia maneno kwenye kurasa zao ili wapande juu. Larry Page na Sergey Brin wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaongeza kipimo kingine: ukurasa unaoelekezwa na kurasa nyingi zenye heshima, nao upewe heshima. Kampuni yao, Google, ikaanzishwa Septemba 1998. Heshima ya ukurasa ikakaa bega kwa bega na maneno yaliyoandikwa ndani yake.

Sisi tunaotafuta kwa Kiswahili tuna kona yetu katika historia hii. Mwaka 1980 Martin Porter, naye wa Cambridge, alichapisha kanuni ya kukata mikia ya maneno ya Kiingereza, ili kompyuta ione umoja na wingi kuwa neno moja. Kiingereza hubadilika zaidi mkiani. Kiswahili hubadilika sana kichwani: kiwavijeshi, viwavijeshi, anasoma, tulisoma, wangesoma. Kisu cha Porter hakifiki huko. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, Arvi Hurskainen alijenga SALAMA, mfumo wa kompyuta unaochambua neno la Kiswahili hadi kwenye mzizi wake. Mashine isiyo na maarifa ya namna hiyo huhesabu kiwavijeshi na viwavijeshi kuwa maneno mawili yasiyojuana. Ndiyo maana nikikosa kwa umoja, huandika wingi, kisha nikajaribu na kitenzi.

Mashine za leo hujitahidi kukisia maana. Tangu mwaka 2019 Google inatumia modeli ya lugha iitwayo BERT kuelewa maswali. Hata hivyo, kazi ya anayetafuta iko palepale. Anayeuliza husema "wadudu". Mtaalamu aliyeandika jibu ameandika "viwavijeshi vamizi". Njia ya kuvuka pengo hilo ndiyo aliyoipita mama mdogo. Kwanza aliandika alichokiona kwa macho, kitu ambacho si kila mdudu anacho, akapata jina. Kisha tukalitafuta jina lenyewe likiwa ndani ya alama za nukuu, na juya likageuka jarife.

Spärck Jones alifariki mwaka 2007. Hesabu yake inatuachia wajibu mmoja. Katika rafu yetu ya nyaraka 1,024, neno lililomo katika nyaraka 2 lina uzito wa 9, na lililomo katika waraka 1 lina uzito wa 10. Lisilomo katika waraka wowote halina cha kupimwa, hata liwe adimu namna gani. Mama mdogo alijibiwa kwa Kiswahili kwa sababu mtu fulani mwenye ujuzi wa kilimo alikaa chini akaandika, kwa Kiswahili, habari ya ile alama ya Y, kabla mama hajaufungua ule mhindi.