Mfahamu Homare Sawa, kiungo wa Japani aliyecheza Kombe la Dunia mara sita

Julai 17, 2011, Frankfurt, Ujerumani. Fainali ya Kombe la Dunia la wanawake iko dakika ya 117 na Marekani wanaongoza 2-1. Japani wanapata kona. Aya Miyama anaipeleka nguzo ya karibu, nahodha wake anawahi mbele ya mabeki huku goli likiwa mgongoni mwake, anaugusa mpira kwa nje ya mguu wa kulia. Wavuni. 2-2.

Nahodha huyo ni Homare Sawa. Siku hiyo alikuwa na miaka 32 na alikuwa ameitumikia timu ya taifa kwa zaidi ya miaka 17. Wengi duniani walimjua usiku ule, lakini kazi ilianza mbali sana.

Mabao manne siku ya kwanza

Sawa alizaliwa Septemba 6, 1978, Fuchu, mji ulio ndani ya jiji la Tokyo. Alianza kucheza na watoto wa kiume, na akiwa bado binti mdogo akajiunga na Yomiuri Beleza, klabu kubwa ya wanawake enzi hizo.

Desemba 6, 1993 aliitwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza, mechi dhidi ya Ufilipino. Alikuwa na miaka 15. Akatupia mabao manne.

Ukisoma hivyo unaweza kudhani kilichofuata ni mteremko. Wala. Kombe la Dunia 1995 Japani walifika robo fainali wakapigwa 4-0 na Marekani. Olimpiki ya Atlanta 1996 walipoteza mechi zote tatu. Kombe la Dunia 1999 walitoka makundi, 2003 makundi tena, 2007 makundi tena. Sawa alikuwepo kote huko.

Klabu zinafungwa, mchezaji anapanda ndege

Uwanjani kulikuwa na shida, na nje ya uwanja ilikuwepo kubwa zaidi: fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uchumi wa Japani uliyumba, kampuni zilizokuwa zikifadhili timu za wanawake zikaanza kujitoa moja baada ya nyingine. Wachezaji wengi walilazimika kufanya kazi mchana na mazoezi jioni.

Mwaka 1999 Sawa akaenda Marekani. Ligi ya kulipwa ya wanawake ya huko, WUSA, ilipoanza mwaka 2001 alikuwa mchezaji wa Atlanta Beat. Ni huko alikopambana kila wiki na wachezaji wenye miili mikubwa na kasi kuliko yake, na soka lake lilibadilika. Sawa hakuwa kiungo wa mbwembwe. Sifa yake ilikuwa kusoma mchezo: kunyang'anya mpira katikati, kutoa pasi ya mbele mapema, kisha yeye mwenyewe kutokea kwenye boksi wakati beki ameshamsahau.

WUSA nayo ikafa. Ilisimamishwa Septemba 2003 kwa kukosa fedha, siku chache tu kabla ya Kombe la Dunia kuanza huko huko Marekani. Sawa akarudi Beleza.

Aprili 2004 ikaja mechi ambayo Wajapani wa rika lake hawaisahau. Japani dhidi ya Korea Kaskazini, Uwanja wa Taifa jijini Tokyo, anayeshinda anaenda Olimpiki ya Athens. Sawa alikuwa na jeraha la goti, akacheza hivyo hivyo. Japani walishinda 3-0. Miezi michache baadaye timu ikapewa jina inalotumia mpaka leo: Nadeshiko Japan.

Olimpiki ya Beijing 2008 walimaliza nafasi ya nne. Ndiko lilikotoka neno linalomhusu Sawa ambalo hurudiwa sana Japani: aliwaambia wenzake kwamba mambo yakiwa magumu, watazame mgongo wake.

2011: nchi iko kwenye msiba

Machi 11, 2011 tetemeko na tsunami viliipiga kaskazini mashariki mwa Japani. Maelfu walikufa, na kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi kikaharibika vibaya. Kwa timu ya wanawake jambo hilo lilikuwa la nyumbani kabisa. Kampuni ya umeme iliyomiliki kituo hicho ilikuwa na klabu ya wanawake, TEPCO Mareeze, yenye makao Fukushima. Beki Aya Sameshima alikuwa akiichezea. Mshambuliaji Karina Maruyama aliwahi kuichezea na kuajiriwa kituoni hapo.

Miezi minne baadaye walikuwa Ujerumani. Sawa aliifunga Meksiko mabao matatu peke yake katika ushindi wa 4-0, kisha Japani wakalala 2-0 kwa England. Robo fainali wakakutana na wenyeji, mabingwa watetezi. Kabla ya mechi kocha Norio Sasaki aliwaonyesha wachezaji picha za maafa ya nyumbani. Mechi ikaenda dakika za nyongeza, na dakika ya 108 Sawa akatoa pasi ya juu, Maruyama akamaliza. 1-0. Yaani yule yule aliyewahi kufanya kazi Fukushima.

Nusu fainali dhidi ya Uswidi ndiyo inayomweleza Sawa vizuri zaidi, pengine kuliko hata fainali. Dakika ya 10 alipoteza pasi, Uswidi wakafunga. Kosa lake, na kila mtu aliliona. Hakujificha. Aliendelea kuomba mpira, na kipindi cha pili alifunga bao la pili la Japani kwenye ushindi wa 3-1.

Fainali Japani walitoka nyuma mara mbili, la pili likiwa lile la kona. Kwenye penalti kipa Ayumi Kaihori akaokoa mbili, Marekani wakapaisha moja, na Saki Kumagai, beki wa miaka 20, akapiga ya mwisho. 3-1. Sawa hakupiga penalti yoyote.

Hadi siku hiyo Japani walikuwa wamekutana na Marekani mara 25 bila kushinda: vipigo 22, sare tatu. Ukitaka kuwa mkali wa takwimu, hata fainali hiyo inahesabiwa sare. Ushindi wa kwanza wa dakika 90 ulikuja Machi 2012 kwenye Kombe la Algarve, Ureno, na kwa kejeli ya soka Sawa hakucheza, alikuwa anaumwa kizunguzungu.

Sawa aliondoka Ujerumani na Mpira wa Dhahabu wa mchezaji bora na Kiatu cha Dhahabu, mabao matano. Januari 2012, Zurich, akapanda jukwaani akiwa amevaa kimono kupokea tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Alimshinda Marta wa Brazil, aliyekuwa ameichukua miaka mitano mfululizo. Hakuna Mwasia aliyewahi kuipata kabla yake.

Bingwa wa dunia, kiti cha nyuma

Sasa fikiria hili. Miezi sita baadaye, safari ya Olimpiki ya London, timu za Japani za wanaume na wanawake zilipanda ndege moja. Wanaume, kikosi cha vijana chini ya miaka 23, walikaa daraja la biashara. Mabingwa wa dunia walikaa madaraja ya nyuma. Sawa aliwaambia waandishi kwamba ilipaswa kuwa kinyume chake, hata kwa kuangalia umri tu.

Wanawake walirudi na medali ya fedha baada ya kufungwa 2-1 na Marekani pale Wembley, mbele ya watu zaidi ya 80,000. Wanaume walimaliza wa nne.

Mwaka 2015 aliitwa tena, Kombe la Dunia Kanada. Likawa la sita kwake. Yeye na Formiga wa Brazil ndio wa kwanza kufikisha idadi hiyo, ukihesabu wanaume na wanawake. Fainali Japani walichapwa 5-2 na Marekani, na Sawa aliingizwa dakika ya 33 wakati mambo yameshaharibika.

Alitundika daluga Desemba mwaka huo akiwa na mechi 205 na mabao 83 timu ya taifa, rekodi ya Japani kwa zote mbili. Ligi ya wanawake ya kulipwa kikamilifu nchini kwao, WE League, ilianza Septemba 2021, yeye akiwa ameshastaafu karibu miaka sita.

Mechi yake ya mwisho ilikuwa Desemba 27, 2015, fainali ya Kombe la Malkia akiwa na INAC Kobe dhidi ya Albirex Niigata. Dakika ya 78 ilipigwa kona, Sawa akaruka na kufunga kwa kichwa. Iliisha 1-0. Alikuwa na miaka 37.